Simu Imebebeshwa Mzigo Usio Wake

Kuna hukumu moja ambayo siku hizi haihitaji shahidi. Padri anaitoa altareni, shehe anaitoa juu ya mimbari, mgeni rasmi anaitoa kwenye mahafali, na mtangazaji wa redio anaimalizia asubuhi kabla ya taarifa ya habari: watu hawawezi tena kutulia kwenye jambo moja, na aliyewaharibu ni simu. Kijana hamalizi kitabu, simu. Mfanyakazi amekosea hesabu, simu. Mwanafunzi wa kidato cha pili anasinzia saa nne asubuhi, simu, hata kama shule yenyewe ni ya bweni na simu alinyang'anywa siku ya kuripoti. Nataka kuipinga hukumu hii. Simu ina makosa yake na nitayataja. Ninachokataa ni kuifanya chanzo, na zaidi nakataa nafuu wanayoipata watu fulani kwa kuifanya chanzo. Akili kutulia si tabia njema ambayo mtu huzaliwa nayo kisha akaipoteza kwa uzembe wa kidole gumba. Ni zao la hali aliyomo: usingizi aliolala, chakula alichokula, kelele zinazomzunguka, deni analodaiwa, na kama anaielewa au haielewi lugha anayosemeshwa. Hali hizo zina wapangaji wake, na wapangaji hao ndio wanaopenda kuliko wote kuizungumzia simu.

Tuanze na ushahidi unaopendwa zaidi. Wengi wamewahi kusikia kwamba binadamu wa leo hukaza mawazo kwa sekunde 8 tu, pungufu ya yule samaki mdogo wa rangi ya dhahabu anayefugwa kwenye chombo cha kioo, ambaye eti ana 9. Takwimu hii ilienea mwaka 2015 kupitia ripoti ya tawi la Microsoft nchini Kanada, iliyodai kwamba mwaka 2000 tulikuwa na sekunde 12 na kufikia 2013 tumebaki na 8. Ripoti iliandikwa kwa ajili ya watu wa matangazo ya biashara. Mwaka 2017 BBC iliifuatilia namba hiyo hadi kwenye tovuti ya takwimu ilikochukuliwa, kisha ikaziuliza taasisi ambazo tovuti ile ilizitaja kuwa ndizo chimbuko. Hakuna iliyoweza kuuonyesha utafiti wenyewe. Hata samaki kasingiziwa, maana wataalamu wamekuwa wakimtumia kuchunguza kumbukumbu kwa sababu kumbukumbu anayo. Lakini namba bado inatembea. Husomwa kwenye semina, na msomaji huieleza kwa dakika kumi nzima bila yeyote kumwuliza imekuwaje yeye na wasikilizaji wake wamevuka sekunde 8. Uongo hupokelewa kwa wepesi huo pale unapowakuta watu wamekwisha kuamua.

Malalamiko ya mawazo kutangatanga ni ya zamani kuliko umeme. Katika karne ya 5 John Cassian, aliyeishi na watawa wa jangwani Misri kabla ya kuanzisha monasteri huko Marseille, alimweleza mtawa ambaye ikikaribia adhuhuri kusoma kunamshinda na kusali kunamshinda: anatoka chumbani, anachungulia kama kuna ndugu anayekuja kumtembelea, anatazama jua linavyochelewa kuzama. Hakuwa na kitu chochote mkononi. Na katika elimu iliyo karibu zaidi na watu wa pwani yetu, Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika ndani ya kitabu chake cha Ihya kwa nini moyo wa mwenye kuswali hauhudhurii swala yake. Hoja yake inafaa kurudiwa polepole, kwa kuwa ina akili kuliko mijadala yetu mingi. Alizigawa sababu mafungu mawili. Zipo za nje, za macho na masikio, na tiba yake ni nyepesi: inamisha macho, swali karibu na ukuta, usiache mbele yako kitu cha kukuvuta. Zipo za ndani, yaani shughuli na wasiwasi uliotawanyika moyoni, na hizo alisema ni ngumu zaidi, kwani kufumba macho hakuzizuii. Akapiga mfano wa mtu aliyekaa chini ya mti akitaka kufikiri, huku ndege wakimvuruga kwa kelele. Akawafukuza kwa fimbo, akarudi kwenye fikra zake, nao wakarudi. Mtu huyo atafukuza ndege maisha yake yote kama mti haukukatwa. Kwa Ghazali, mti ni kuipenda dunia. Hapo naachana naye kidogo, maana mtoto aliyekuja shule bila kunywa hata uji hakuupanda mti wake mwenyewe, wala mama anayesubiriwa na marejesho ya mkopo siku ya Ijumaa. Ila mgawanyo unabaki sahihi, na simu imo kwenye fungu la kwanza.

Waingereza walikuja kulipima jambo hili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi lao la anga liligundua kwamba askari waliokodolea macho mitambo ya rada kutafuta nyambizi walianza kupitwa na ishara baada ya muda usio mrefu. Mwanasaikolojia Norman Mackworth akatengeneza uso wa saa wenye mshale mmoja unaoruka hatua kwa hatua, na mara chache ukaruka hatua mbili. Kazi ya mtazamaji ilikuwa kuinasa hiyo ya mara chache. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1948 yalionyesha umakini ukishuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Hao walikuwa vijana wa kijeshi, wenye nidhamu, kwenye chumba kisicho na cha kuwavuta. Kipindi cha sekondari nchini Tanzania ni dakika 40, na mara nyingi huunganishwa viwili.

Mpinzani makini atasema: sawa, mawazo yametangatanga tangu enzi, lakini sasa yamezidi, na vipimo vipo. Anaye wa kumtaja, naye ni Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, aliyewafuatilia wafanyakazi wa ofisini kwa miaka mingi. Mwaka 2004 aliwakuta wakidumu kwenye skrini moja wastani wa dakika mbili na nusu kabla ya kuhama. Mwaka 2012 ilikuwa sekunde 75. Vipimo vya miaka ya karibuni vinaonyesha sekunde 47 hivi. Huu ni utafiti wa kweli na siupuuzi. Lakini unapima kuhama, haupimi uwezo wa kubaki. Karani anayesoma barua pepe ya bosi, akafungua jedwali la hesabu, akarudi kumjibu bosi, amehesabiwa kuhama mara mbili, na huenda hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Tena kipimo cha kwanza kilichukuliwa miaka mitatu kabla ya iPhone kuingia sokoni, na tayari dakika mbili na nusu zilikuwa chache. Sehemu kubwa ya kilichobadilika ni kazi yenyewe, ambayo imekatwakatwa na waajiri wanaotaka kila jambo lijibiwe papo hapo. Aliyeshinda akikatizwa tangu asubuhi hawezi kulaumiwa kwamba jioni kitabu kinamtoka mikononi.

Sasa twende mahali ambako simu haipo, tuone kama tatizo nalo halipo. Shule nyingi za bweni za Kenya na Tanzania zimeizuia kabisa kwa wanafunzi. Ingekuwa simu ndiyo chanzo, basi madarasa hayo ndiyo yangekuwa na utulivu wa akili kuliko yote duniani. Mwulize mwalimu yeyote anayeingia darasani baada ya chakula cha mchana. Wanafunzi wameamshwa saa kumi na nusu alfajiri, au kumi kamili kwa madarasa ya mitihani. Wamefanya usafi, wamejisomea kabla ya mapambazuko, wamesoma vipindi vyote, na usiku watarudi kujisomea hadi saa nne au tano. Kenya ilikwisha kuliona hili. Kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 zinaweka masomo kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, na kwa wa bweni zinatenga muda wa kulala kuanzia saa tatu na nusu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Anayezijua ratiba za shule zinazosifiwa kwa matokeo anajua kanuni hizo zinavyoheshimiwa. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio la watu wazima waliolala muda uliopunguzwa kwa usiku 14 mfululizo. Waliolala saa sita au pungufu walifikia kiwango cha uzito wa akili cha mtu aliyekesha hata usiku mbili kamili. La kutisha zaidi ni kwamba wenyewe hawakulijua hilo: usingizi waliousikia uliacha kuongezeka baada ya siku chache, huku makosa yao yakiendelea kupanda. Mwanafunzi wa namna hiyo ataapa kwamba yuko sawa, na mwalimu naye atamwita mvivu.

Njaa nayo haina mjadala mrefu. Huko Embu, Kenya, kati ya 1998 na 2000, watafiti waliwapa watoto wa shule za msingi githeri ya katikati ya asubuhi: baadhi yenye nyama, baadhi pamoja na maziwa, baadhi iliyoongezwa mafuta, na kundi jingine halikupewa kitu. Wenye nyama walipanda kuliko wote katika mtihani wa kufikiri kwa michoro, na uwanjani wakati wa mapumziko walionekana wachangamfu na wenye kuanzisha michezo. Hakuna aliyewahubiria nidhamu. Ama kelele, mfano ulio safi ni wa New York, kwenye shule iliyokuwa kando ya reli ya juu. Arline Bronzaft na mwenzake walionyesha mwaka 1975 kwamba watoto wa madarasa ya upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma, baadhi karibu mwaka mzima, kulinganisha na wenzao wa upande uliotulia wa jengo lilelile. Reli ikawekewa mpira, madarasa yakawekewa dari ya kuzuia sauti, na alipopima tena, matokeo ya 1981 hayakuonyesha tofauti. Watoto walikuwa wa mtaa uleule. Sasa fikiria darasa la mabati yasiyo na dari siku ya mvua, wanafunzi zaidi ya themanini, mwalimu amenyamaza kwa kuwa hata wa dawati la mbele hamsikii. Kilichovunja umakini hapo kinanunuliwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Lakini kwa Tanzania kuna sababu moja inayozizidi hizi zote, na ajabu yake ni kwamba haitajwi kabisa pale simu inapolaaniwa. Mtoto wa shule ya serikali anasoma elimu yake ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo tu. Anapoingia kidato cha kwanza, fizikia, jiografia na baiolojia vinageuka vyote kuwa Kiingereza, pengine baada ya kozi fupi ya kuzoea. Kaa na jambo hili kidogo. Kufuatilia maelezo katika lugha usiyoielewa kunachosha ndani ya dakika chache, kwa sababu akili haina pa kushika: haijui lipi ni kuu, lipi ni mfano, lipi ni mzaha wa mwalimu. Ikiondoka haijafanya utovu wa nidhamu. Imefanya lililo la busara, imekwenda kunakoeleweka, nje ya dirisha. Hili limejulikana muda mrefu. Tume ya Makweta kuhusu elimu ililijadili mwaka 1982. Clive Criper na William Dodd, waliotumwa kuchunguza hali ya Kiingereza shuleni, waliripoti mwaka 1984 kwamba kiwango cha wanafunzi kilikuwa chini mno kuweza kubeba masomo. Tangu 2002 mradi wa LOITASA juu ya lugha ya kufundishia, uliowahusisha watafiti kama Martha Qorro na Birgit Brock-Utne, ulilinganisha madarasa yaliyofundishwa kwa Kiswahili na yale ya Kiingereza. Kwenye Kiswahili wanafunzi waliuliza, walibishana, walimrekebisha mwalimu. Kwenye Kiingereza walikaa kimya wakinakili ubaoni. Walimu wenyewe wanalijua jambo hili bila kusoma ripoti yoyote, ndiyo maana wengi huingiza Kiswahili kwa kificho kila mada inapokuwa nzito, na vichwa vilivyoinama vikainuka. Vichwa vilevile, mchana uleule. Atakayesema Kiingereza ni lango la dunia hatapata ubishi kwangu. Kifundishwe vizuri, kama somo, na walimu wanaokijua. Hilo ni tofauti na kukifanya ukuta kati ya mtoto na kemia, kisha kumshitaki mtoto kwamba hatazami mbele.

Kwa watu wazima mambo hayatofautiani sana. Mwaka 2013 Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao walichapisha katika jarida la Science utafiti juu ya wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, ambao hupata fedha kwa mkupuo baada ya mavuno. Mkulima akipimwa kabla ya mavuno, wakati wa madeni na kuweka vitu rehani, alifanya vibaya kwenye vipimo vya kufikiri kuliko alivyofanya baada ya fedha kuingia. Mtu yuleyule, elimu ileile. Waliorudia majaribio ya aina hii hawakupata kila mara matokeo yenye nguvu hiyohiyo, na ni haki kulisema. Hata hivyo sioni kwamba anayekopa Mbagala ya Dar es Salaam au Kayole ya Nairobi anahitaji jarida la kumthibitishia. Tanzania mikopo ya aina hii imeitwa na watu wenyewe kausha damu: muuza vitumbua anachukua laki mbili leo, na kuanzia wiki ijayo anarejesha kwa riba inayokula mtaji wake. Mama huyo akitazama simu mara hamsini kwa siku, anatazama nini? Anatazama kama mteja ametuma hela, kama kikoba kimetangaza zamu yake, kama yule mkopeshaji amekwisha kuwaandikia ndugu zake kwamba yeye ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja hadharani programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali; Kenya ilitunga kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022 baada ya vilio vya namna hiyo. Kwa dereva wa bodaboda na fundi bomba, simu ni ofisi. Mwondoleeni simu mama wa vitumbua, na deni litabaki kichwani palepale, tofauti ikiwa sasa hatajua dada yake ameambiwa nini.

Kuna pingamizi zito ambalo sitalikwepa: simu zikizuiwa, je, matokeo hayapandi? Louis-Philippe Beland na Richard Murphy walichunguza shule za miji minne ya Uingereza wakakuta kwamba baada ya marufuku alama zilipanda, hasa kwa wanafunzi dhaifu. Naukubali utafiti huo. Ila uliporudiwa Sweden, mwaka 2020, athari haikuonekana, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham uliotoka mwaka 2025 haukukuta wanafunzi wa shule zenye marufuku wakiwa na hali bora ya kiakili kuliko wenzao. Nakubali pia kwamba programu za simu zimeundwa na watu wanaolipwa ili usiondoke, na kwamba mtoto wa miaka kumi na mbili si saizi yao. Zizuieni darasani. Lakini marufuku inafanya kazi yake pale tu ambapo kuna kitu cha kurudia: mwalimu anayeeleweka, tumbo lisilolia, mwili uliolala. Uingereza vitu hivyo vilikuwepo kwa kiasi. Sisi tulianza na marufuku miaka mingi iliyopita, na bado tunashangaa.

Wengine watanikumbusha watoto wa Masaki ya Dar es Salaam na Karen ya Nairobi, walioshiba, wenye chumba chao, wenye Kiingereza tangu chekechea, ambao nao hawatulii. Kwao simu ina hatia kubwa zaidi, sina neno. Hata hao, lakini, wengi husimama kusubiri basi la shule kabla ya kupambazuka na kurudi jioni wakielekea tuisheni. Wao ni wachache, na sera ya nchi haiwezi kuandikwa kwa kuchungulia dirisha lao. Wazee nao husema walisoma kwa kibatari, kwa njaa, kwa miguu maili nyingi, na hawakulalamika. Kweli walisoma. Ila tunawasikia wale waliofika. Enzi hizo nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na mamia ya wenzao walioanza darasa moja nao, waliosinzia kwa njaa ileile na wakaachwa njiani, hawaalikwi kuwa wageni rasmi.

Kwa nini hukumu ya simu inadumu ilhali ushahidi wake ni mwepesi hivi? Kwa sababu ni rahisi kwa kila mwenye madaraka. Kikapu cha kukusanyia simu hakina kifungu kwenye bajeti. Uji, dari na walimu vinacho. Kumwambia mfanyakazi aache kuchezea simu hakumgharimu mwajiri kitu. Kumruhusu asijibu ujumbe baada ya kazi kunamgharimu. Na kampuni zenyewe hazijaumia: mwaka 2018 Apple na Google ziliweka kwenye simu zao vipimo vya kumwonyesha mtumiaji saa alizopoteza, yaani dawa imewekwa kwenye kidonda na mgonjwa ameachiwa ajitibu. Lawama yote ikiishia kwenye kidole cha mtu, hakuna ofisi itakayoulizwa lolote. Ndiyo maana ningependa bodi za shule zibadilishe mpangilio wa vikao vyao na wazazi. Ajenda ya kwanza iwe saa ya kengele ya kuamka. Ya pili, nani analipia uji. Ya tatu, dari na idadi ya wanafunzi kwa kila darasa. Ya nne, mwalimu wa fizikia anaruhusiwa kueleza mada kwa lugha gani bila kujificha. Simu ije baada ya hapo, kabla tu ya mengineyo.